Saba au Nane

Ukitaka kumjua mtu wa Ng'ambo wa rika langu, usimuulize alifanya kazi gani. Atakujibu kwa neno moja, karani, mchukuzi wa bandarini, mwalimu, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize siku aliyofungwa bao vibaya kuliko siku zote. Hapo atasogeza kiti, ataagiza kahawa nyingine, na kabla hajafika kwenye bao lenyewe utakuwa umeshaijua nyumba aliyozaliwa, jirani aliyekosana naye, mvua iliyonyesha jioni ile, na binti aliyekuwa akitaka kumposa mwaka huo.

Mimi nilikulia Kikwajuni, huko huko Ng'ambo, Unguja, na baraza ninayoisema ilikuwa ya Baba Mkubwa. Baraza ya mawe na chokaa, imekaa chini ya ukuta ulioelekea mashariki, kwa hiyo baada ya alasiri kivuli kilikuwa chetu chote. Mke wake alinyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie, na harufu ya udongo uliolowana ikawa ndiyo tangazo. Watu walitoka msikitini mmoja mmoja, kofia bado kichwani, wakaketi kila mtu mahali pake. Halafu muuza kahawa akatokea kwenye kona na dele lake la shaba, mkaa ukiwaka chini yake, na mkononi vikombe viwili akivigonganisha, chake chake chake, mlio unaousikia kabla hujamwona mtu. Kahawa chungu yenye tangawizi. Aliyekuwa na senti za ziada alinunua kashata akamgawia mtoto aliye karibu, na mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi, maana nilijua mahali pa kukaa.

Ubao wetu ulikuwa wa mninga, mzito, mashimo yake yameng'aa kwa mafuta ya viganja vya watu. Kete zilikuwa komwe. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuzitafuta zilipopungua, kule kwenye vichaka vya ufukweni ambako mkomwe huota na miiba yake mibaya. Hata maganda ya mbegu yana miiba. Ukilipasua ganda moja unakuta komwe mbili tatu, za kijivu, laini, ngumu ajabu. Tulikuwa tukiisugua moja juu ya jiwe mpaka ipate moto, kisha tunambandika nayo mwenzetu sikioni. Kilio chake ndicho kilichowajulisha wazee kwamba kete zimefika.

Kwa vijana wasiowahi kuketi mbele ya bao, niseme kidogo tu. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, kila mtu ana safu zake mbili. Kete ni 64. Watoto huanza na bao la kujifunza, kete mbili katika kila shimo, basi. Wakubwa hucheza bao la Kiswahili, na hilo ni jambo jingine. Kila mmoja anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya ubavuni, na 22 zimebaki mkononi. Hizo ndizo za kunamua, moja moja, zamu kwa zamu, mpaka ziishe na mchezo uingie katika mtaji. Ukila za mwenzio unazipanda upande wako. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu imekwisha. Siku ambayo safu yako ya mbele haina hata kete moja, mwenzio hukutazama usoni na kutamka, "Hamna!" Baraza nzima huitikia. Unainuka, unampisha mwingine. Hakuna kukaa ukijieleza.

Nasema hakuna kukaa, lakini kujieleza kulikuwapo, na hapo ndipo raha ilipokuwa. Aliyefungwa alisogea pembeni, akachukua kikombe, akaanza kumsimulia aliye karibu jinsi ambavyo angeshinda. Mpaka magharibi lile bao lilikuwa limeshasimuliwa mara tatu, na kila mara lilikuwa limekua. Kesho yake sokoni Darajani ungelikuta limefika kabla yako, muuza ndizi analijua, na katika mikono ya muuza ndizi limepata sura nyingine kabisa.

Majina pia yalitoka humo. Kulikuwa na fundi cherehani aliyekuwa na tabia ya kuivunja nyumba yake mapema. Kete zikishajaa ndani, wengine huitunza kwa kuogopa, yeye alizizoa zote akazisambaza huku akiita "Safari!" kwa sauti iliyofika barabarani. Mtaa mzima ukamwita Safari. Mke wake akaitwa Mama Safari. Kuna watu waliomzika bila kulijua jina alilopewa na babake mpaka liliposomwa. Mwingine, mzee mwembamba aliyefanya kazi boharini, alikuwa akihesabu kwa sauti kete alizobakiwa nazo mpinzani mkononi, ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini, mpaka mtu akapoteza hesabu zake mwenyewe. Yeye tulimwita Ishirini na Mbili. Alikuwa mpole mno nje ya baraza. Ukimpelekea mtoto wako kazini akufundishie hesabu alimfundisha bure. Mbele ya ubao alikuwa mtu mwingine, na nadhani alifurahi kuwa na mahali pa kuwa mtu mwingine.

Msidhani ni mambo ya wanaume peke yao. Wanawake hawakuketi barazani, lakini uani kulikuwa na bao lake Bibi, na mimi nilijifunzia huko. Bibi hakuhitaji ubao. Alichimba mashimo ardhini kwa mpini wa mwiko, chini ya mti wa mkomamanga, na akacheza na yeyote aliyekuwapo, mpwa, mtumishi wa jirani, mimi. Alinamua huku akichambua mchele, hata hakutazama. Na kila alipofunga alisema maneno yale yale: "Hivi ndivyo nilivyomfunga babu yenu mwaka wa ile ndui." Babu alikuwa ndani akisikia. Angekohoa. Baada ya muda sauti yake ingetoka dirishani, "Sema na la pili basi, mama, usiishie hilo la kwanza." Bibi hakuwahi kusimulia la pili. Walikaa katika ndoa maisha yao yote wakiwa na mabao mawili, kila mmoja na lake, na sisi wajukuu tukagawanyika kufuatana na mtu tuliyekuwa tukimwomba pesa ya Sikukuu.

Nimefikiri sana kwa nini iwe hivyo, kwa nini bao lizae hadithi kiasi hiki. Mawazo yangu ni haya. Wacheza sataranji wana daftari. Kila hatua inaandikwa, kwa hiyo mchezo uliochezwa Ulaya miaka mia iliyopita unaweza kupangwa upya leo mezani, hatua kwa hatua, na ukaona kosa liko wapi. Bao la barazani halina daftari. Kete zikishakusanywa kwa mchezo unaofuata, lile lililopita halipo tena popote duniani isipokuwa katika vichwa vya waliokuwapo. Asiposimulia mtu, halikutokea. Nakumbuka alikuja kwetu Mholanzi mmoja msomi, Alexander de Voogt, aliyekaa na mafundi wakubwa wa Unguja akichunguza jinsi wanavyohesabu kete kichwani, na utafiti wake ukatoka mwaka 1995. Watu walimheshimu kwa sababu aliketi, akacheza, akafungwa, akarudi tena. Lakini kwa miaka yote kabla yake, na mingi baada yake, kumbukumbu za bao zilihifadhiwa na wanywaji kahawa.

Hata Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga yule mkubwa wa zama za Mazrui, ametuachia shairi la bao. Mchezo uliompa maneno yale umepotea, kete zimeoza, shimo lipi lilikuwa na ngapi hakuna ajuaye. Amefariki karibu miaka mia mbili sasa, na bado tunajua kwamba alicheza. Na Mwalimu Nyerere naye alipenda bao; waliowahi kufika Butiama watakusimulia, na utaona mara moja kwamba msimulizi haanzi na siasa, anaanza na jinsi Mwalimu alivyokuwa akizikamata kete.

Baba Mkubwa alipokuwa akitaja siku ya 7 Aprili 1972, siku ambayo Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui, alianza hivyo hivyo. Inasimuliwa kuwa Rais mwenyewe alikuwa kwenye mchezo jioni ile, wengi husema bao, wengine dhumna. Kisiwandui si mbali na kwetu. Baba Mkubwa hakusema neno juu ya nani na kwa nini. Alisema nani alikuwa ameketi wapi barazani, nani alikuwa na zamu, nyumba ya nani ilikuwa imejaa, na kwamba walipoinuka hakuna aliyekumbuka kuuingiza ubao ndani. Ulilala nje usiku ule. Alisimulia hivyo mara nyingi, taratibu, shimo kwa shimo. Nilipokuwa kijana nilidhani anakwepa. Sasa naelewa kwamba alikuwa ameshikilia kitu alichokuwa na hakika nacho.

Sasa nikupe lile kubwa, maana bila lile hujasikia habari za baraza yetu.

Ilikuwa kusi, upepo unavuma, jua limeinama. Waliokuwa wakicheza ni muadhini wa msikiti wetu mdogo na kijana mmoja mvuvi wa Malindi aliyekuwa na sifa mpya mpya. Muadhini alikuwa mtu mkimya, mwenye kanzu iliyofuliwa ikafifia, na mchezo wake ulikuwa kimya vilevile. Kijana alikuwa amembana. Safu ya mbele ya muadhini ilikuwa na mashimo mawili tu yenye kete, na watu walishaanza kumtazama atakayefuata kuketi. Basi mzee akapata mtaji mdogo, ambao hakuna aliyeuona. Akala. Akapanda. Ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, akaendelea. Akala tena. Mkono ule ukazunguka na kuzunguka, ko, ko, ko, hakuna aliyepumua, muuza kahawa ameacha vikombe vyake, na safu ya mbele ya kijana inapungua shimo kwa shimo huku tukiitazama.

Akazizoa kete za shimo jingine ili aendelee, na papo hapo akainua macho magharibi. Wakati umeingia. Yeye ndiye muadhini. Hakuna wa kumsubiri wala wa kumshikia nafasi. Akasema, "Niwieni radhi," akatia zile kete mfukoni mwa kanzu, akaenda zake msikitini. Baada ya muda tukasikia sauti yake, imetulia kabisa, imenyooka, ikitoka kwa mtu mwenye mfuko uliojaa komwe.

Tukasali. Tukarudi. Karabai ikawashwa. Muadhini akaketi, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kete saba. Kijana akahesabu mashimo kwa kidole na uso wake ukachangamka, maana kwa saba ya mwisho inaangukia shimo tupu. Amelala. Zamu ni ya kijana, na kwa zamu ile anamaliza. Lakini Ishirini na Mbili, ambaye hakuwa na uwezo wa kuacha jambo lipite bila hesabu, alikwishaanza kuhesabu ubao mzima. Hamsini na sita. Ongeza saba. Sitini na tatu.

Kete moja haipo!

Yakhe, acha nikwambie kelele zilizozuka. Kama ile iliyopotea ilidondoka njiani kutoka mfukoni, basi muadhini alikuwa na nane, na kwa nane ya mwisho inakula shimo la mwisho la kijana na mchezo umekwisha: hamna. Na kama mtoto mmoja aliichukua ubaoni watu walipokuwa msikitini, basi zilikuwa saba tangu mwanzo na kijana ameshinda. Watoto tukapangwa ukutani, mifuko ikapinduliwa nje. Vikatoka gololi, vifuniko vya chupa, kipande cha kashata cha jana. Komwe hakuna. Karabai ikabebwa njia nzima kutoka barazani mpaka kwenye kizingiti cha msikiti, watu wazima wenye heshima zao wameinama wakipapasa mchanga. Fundi Safari alipekua hata viatu vilivyopangwa mlangoni. Mfuko wa kanzu ukatazamwa, ukaonekana una tundu dogo kwenye pindo, na hilo tundu nalo likazua kesi yake, je, komwe inapita au haipiti? Wakajaribisha. Moja ikapita, nyingine ikakwama.

Muadhini akaombwa aseme mwenyewe alizoa ngapi. Akasema hakuhesabu, mkono ulikuwa unajua. Akaambiwa aape. Akatikisa kichwa, hakuwa mtu wa kuapa kwa ajili ya mchezo. Alinywa kahawa yake, akashukuru, akaenda nyumbani. Yeye na kijana yule walikuwa marafiki tangu siku hiyo, na nilimwona kijana, naye ameshakuwa na mvi, kati ya waliobeba jeneza la mzee. Wao wawili hawakubishana kamwe. Tuliobishana ni sisi wengine. Ng'ambo ikawa na watu wa saba na watu wa nane, ukimchumbia mtu unaulizwa.

Mambo hayakukaa. Miaka ya 1970 mitaa ya zamani ya Ng'ambo ilikatwa kupisha yale majumba marefu ya Michenzani, na nyumba nyingi za udongo na makuti zikaondoka na baraza zake. Watu walipata maji ya bomba na umeme, wakashukuru, na mimi sitasema walikosea. Ila ghorofa haina baraza. Utaketi wapi, ngazini? Wazee wa kwetu walitawanyika, huyu ghorofa ya nne, yule Mwembemakumbi, mwingine kwa mwanawe Dar es Salaam. Ubao wa mninga ulihamia kwa Baba Mkubwa chini ya kitanda. Televisheni ya rangi nayo ilikuwa imekuja, watu wakakusanyika kutazama, na kutazama pamoja ni jambo zuri, lakini unayemtazama hakuachii zamu. Leo ukitaka kahawa na kelele unakwenda Jaws Corner, Mji Mkongwe, kona iliyopata jina kutokana na sinema ya papa, na hapo utakuta dhumna ikigongwa mezani, keramu, na bao pia siku nyingine, na watalii wakipiga picha. Mimi hukaa pale. Nafurahi kwamba ipo. Ila nikisikiliza mabishano nasikia ni ya leo tu. Wachache wamebaki wa kubishana nao juu ya juzi.

Mjukuu wangu anacheza mpira kwenye simu. Hukaa kwenye mkeka, vidole viwili vinakwenda mbio, na ghafla anaruka juu, "Babu, dakika ya tisini!" Ananisimulia bao alilofunga, mabeki aliowapita, kipa alivyoanguka upande usio wake. Namsikiliza mpaka mwisho, namuuliza maswali, kwa sababu najua anachofanya. Ni kile kile alichofanya Safari na kikombe chake pembeni. Vijana wa vibanda vya gemu kule mtaani nao hugombana na kucheka mpaka usiku, na wana majina yao waliyopeana. Kinachoniuma ni kwamba bao la kwenye mkeka halikuonwa na mtu mwingine. Hakuna wa kumwambia, "Wewe, usituongopee, nilikuwapo." Mimi nilihitaji sana watu wa kuniambia hivyo, na nilipewa wengi.

Mmoja wao yuko Maskati. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega ukutani usiku ule, mifuko imepinduliwa, na yeye aliondoka baadaye kufuata jamaa zake Oman, ambako mpaka leo ukipita mitaa fulani jioni utasikia Kiswahili cha Unguja kikitoka vibarazani. Yeye ni mtu wa nane. Mwaka jana alinitumia sauti kwa WhatsApp, ndefu, anapumzika katikati kunywa maji, akinipitisha ubao wote shimo kwa shimo kama ulivyokuwa. Kisha picha: amechonga mashimo katika kipande cha mbao za sanduku la tende, amepanga kokoto, na wajukuu zake wamezunguka. Mkubwa wao, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu, akachukua simu na kuniambia, "Babu, nane, sisi tumehesabu."

Nikampa simu mjukuu wangu. Aliusoma ule mpango wa kokoto kwa muda, akaukuza kwa vidole, akasema shimo la pili kutoka pembeni wamelizidishia moja. Wanaendelea kutumiana picha tangu hapo, na juzi aliniomba nimtolee ubao wa Baba Mkubwa, nikamwambia kwanza aende ufukweni akatafute komwe, maana tunazo sitini na tatu.